Sauti Ikikosekana, Tumtafute Mwenyewe



Mwanzoni mwa 2008, Eldoret ilipowaka moto, marehemu Askofu Cornelius Korir aliwafungulia waliokimbia makwao uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu. Maelfu walilala pale. Kila mtu aliyaona mahitaji yao.

Leo mwenzetu huumia akiwa nyumbani kwake. Kazi imeisha, ndoa inayumba, au kaburi bado ni bichi. Hana gunia mgongoni tukamtambua. Huacha tu kuja mazoezi.

Nilipofiwa na mama, jumuiya ilisali nasi kila jioni hadi mazishi. Watu walipotawanyika, wenzangu wa sauti ya pili waliendelea kuja. Tulichambua sukuma, wakaniacha nilie.

Katibu ndiye hutunza daftari la mahudhurio. Naomba lisiwe la faini peke yake. Mtu akikosa mara mbili, wawili wa sauti yake wamtembelee. Wasikilize, wasihubiri, na siri ibaki pale. Mzigo ukizidi, tumsindikize kwa padri au hospitalini.

Heri ya Jubilei!