KWA NINI DAWA YA KUGANDISHA DAMU HAIMEZWI

(Mazungumzo ya mwanafunzi wa zamani, mfamasia kwa kazi, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nisiwachoshe, kwa hiyo nitajibu swali moja tu. Mama mwenye mtoto anayeugua hemofilia huuliza: dawa ya malaria ni kidonge, dawa ya minyoo ni kidonge, kwa nini ya mwanangu lazima ipitie mshipani?

Hemofilia ni ugonjwa wa damu kutoganda. Damu yetu hugandishwa na protini kadhaa zinazofanya kazi kwa zamu, na madaktari wamezipa namba. Asiyekuwa na fakta namba 8 ana hemofilia A, inayompata mtoto wa kiume mmoja katika kila 5,000 hivi wanaozaliwa. Asiyekuwa na fakta namba 9 ana hemofilia B, ambayo ni adimu zaidi. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, kwa hiyo mara nyingi mama huibeba bila kuugua, na mwana ndiye anayeugua. Hata hivyo, karibu theluthi moja ya wagonjwa hutoka katika koo ambazo hazijawahi kuuona ugonjwa huu. Nayasema haya kwa makusudi. Huku kwetu, Uzigua na Usambara, watoto wa kiume hutahiriwa, na mara nyingi dalili ya kwanza huonekana siku hiyo: kidonda cha mtoto kinakataa kukauka. Hapo wazee huanza kutafuta mchawi, au mama hunyooshewa kidole. Mama yule hana kosa lolote.

Tiba ni kumrudishia mtoto protini anayoikosa, kwa sindano ya mshipani. Lakini baada ya saa 12 hivi nusu ya fakta namba 8 huwa imekwisha mwilini, na hivyo anayetaka kujikinga huchomwa mara mbili au tatu kwa wiki, mwaka mzima. Sasa mfikirieni mtoto wa kijiji cha Handeni. Kutoka Handeni mjini hadi Korogwe ni kilomita 65, na huko anakokwenda si lazima dawa iwepo. Kliniki kubwa ya wagonjwa hawa iko Muhimbili, Dar es Salaam, na nchi kama yetu zimekuwa zikitegemea sana msaada wa dawa kupitia Shirikisho la Hemofilia Duniani. Kidonge kingemwokolea mtoto huyu safari, na kumwokolea mama shida ya kutafuta mshipa kwenye mkono mdogo.

Jibu la swali mnalo tayari kwenye madaftari yenu ya baiolojia. Tumbo halitofautishi dawa ya protini na maharage. Asidi huikunjua, pepsini huikatakata, na ikifika utumbo mdogo tripsini humalizia. Hata ikiponea chupuchupu, ni kubwa mno kupenya ukuta wa utumbo. Insulini ina asidi amino 51 tu, nayo bado huchomwa sindano. Fakta namba 9 ina 415, na fakta namba 8 ina 2,332!

Korogwe wenyewe wameliona jambo hili. Watoto walioshiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009 na kumalizika 2014, walichomwa sindano. Hawakupewa matone kama ya polio, kwa sababu chanjo ile ni protini. Matone ya polio ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na utumbo ndiyo nyumba yao.

Je, wataalamu wamekata tamaa? Hasha. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walieleza namna ya kuificha fakta namba 9 ndani ya chembe ndogo zinazovimba. Akina mama jikoni wataielewa haraka kuliko sisi: maharage yaliyotiwa ndimu hubaki magumu, yakitiwa magadi hulainika. Chembe hizo nazo hujibana kwenye asidi ya tumbo, kisha huvimba utumboni na kuachia dawa. Hiyo ilikuwa kazi ya maabara, si ya wagonjwa. Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Henry Daniell na wenzake wamefanya majani ya saladi yatengeneze fakta namba 9, wakawalisha panya, kisha mbwa wenye hemofilia B. Lengo lao si kuzuia damu. Wanataka kuufundisha mwili usiikatae dawa ya sindano, maana wapo wagonjwa ambao miili yao huipiga vita.

Mimi naona kizuizi kikubwa kuliko vyote ni hesabu. Semaglutaidi, dawa ya kisukari yenye asidi amino 31, iliruhusiwa Marekani kama kidonge mwaka 2019. Ni pungufu ya sehemu moja katika 100 inayofika kwenye damu, nyingine hupotea. Kwa protini ya bei ya fakta, nani atamudu kumeza 100 ili apate moja? Ndiyo maana hata emisizumabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2017 kwa hemofilia A, bado ni sindano, ingawa ni ya chini ya ngozi, na wengine huchomwa mara moja tu kwa mwezi.

Kipo kidonge kimoja cha kusaidia, asidi ya traneksamiki, kilichotokana na kazi ya Utako Okamoto na mumewe Shosuke huko Japani, iliyochapishwa mwaka 1962. Hiki si protini. Hakigandishi damu, bali huzuia donge lililokwisha kuganda lisiyeyuke, na hufaa sana jino linapong'olewa au mdomo unapotoka damu.

Kwa ninyi mnaolala bwenini: mwenzenu akivimba goti bila kuanguka, au akitoka damu puani bila kukoma, msimpe aspirini wala diklofenaki, na asichomwe sindano ya msuli. Mpumzisheni, mfungieni barafu kwenye kitambaa mmwekee gotini, kisha mumpeleke Magunga na kumweleza daktari kama wajomba zake waliwahi kutokwa damu hivyo.

Ndugu Mwenyekiti, naona mikono imeshanyooshwa kule nyuma. Naomba nikae ili waulize.