Mbung'o wa Unguja na Kazi ya Kuhesabu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Nimeombwa kusema machache juu ya mbung'o. Wale miongoni mwetu waliopata kuhamishiwa Tabora au Kigoma hawana haja ya kuelezwa ni mdudu gani, maana amekwisha kujitambulisha mwenyewe.

Katika miaka ya 1890, huko Zululand, daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alionyesha kwamba nagana, ugonjwa unaoua ng'ombe, huletwa na kijidudu cha damu, na kwamba mbung'o ndiye mchukuzi wake. Tangu siku hizo mbung'o alipigwa vita kwa nguvu. Rhodesia ya Kusini wanyama wa porini waliuawa kwa maelfu mengi ili akose chakula. Katika Shinyanga, miaka ya 1920, watu walitoka kwa wingi na mashoka yao kufyeka pori, wakiongozwa na C. F. M. Swynnerton. Palipolimwa baada ya kufyekwa, mbung'o hakurudi. Palipoachwa, pori liliota tena naye akarudi pamoja nalo. Swynnerton mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1936, alishika sana jambo hili: yatupasa kwanza kumjua mbung'o huishi vipi, hupumzika wapi, na hupenda kivuli gani.

Basi tutazame tabia zake. Mbu hutaga mayai mia au zaidi kwa mara moja. Mbung'o hatagi, huzaa buu mmoja tu, naye humlea tumboni kwa siku tisa au kumi. Buu akizaliwa hujichimbia mchangani, ngozi yake ikawa gumba gumu, na baada ya mwezi mmoja hivi hutoka inzi kamili. Hata jike akiishi miezi mitatu, watoto wake hawafiki dazani moja. Tena, kwa kawaida, jike huonana na dume mara moja tu katika maisha yake. Mabwana, adui mwenye uzazi mchache namna hii ana mlango ulio wazi. Kinachotakiwa ni kuuona.

Mlango huo ulitumiwa Unguja. Kisiwani palikuwa na aina moja tu ya mbung'o, nayo ilisumbua ng'ombe kwa nagana. Kwanza idadi yake ilipunguzwa kwa dawa iliyopakwa mifugo. Kisha mbung'o walifugwa kwa wingi huko Tanga, na madume wakapigwa mionzi hata wakawa tasa, ingawa nguvu zao za kuruka na kutafuta majike zilibaki. Tangu mwaka 1994 madume hao, zaidi ya milioni 8 kwa jumla, walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, wiki baada ya wiki, wakawa wengi kupita madume wa porini mara nyingi. Jike aliyekutana na dume tasa hakupata mtoto. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996.

Sasa nafika kwenye neno linalotuhusu sisi, watu wa kalamu na daftari. Ni nani aliyejua kwamba yule alikuwa wa mwisho? Siku aliyonaswa hakuna aliyeweza kujua. Ilijulikana baadaye, kwa sababu watu waliendelea kwenda porini kutazama mitego yao na kuandika sufuri. Na madume tasa waliendelea kumwagwa mpaka mwisho wa mwaka 1997.

Kuandika sufuri ni kazi ngumu kuliko kuandika mia. Mtu akipata mia hufurahi, na mkubwa wake humsifu. Mwenye kupata sufuri kila wiki huanza kujiuliza kwa nini alowe mvua, ilhali jibu alijua tangu jana. Hapo ndipo pana hatari. Sufuri iliyoandikwa kivulini, bila kwenda kutazama mtego, haitofautiani kwa macho na sufuri ya kweli. Lakini jike mmoja mwenye mimba akisazwa nyuma ya sufuri hiyo, kazi ya miaka yote yaweza kupotea, na hasara itamfika mfugaji, si karani.

Wala tusidhani kwamba yaliyowezekana Unguja yatawezekana kila mahali kwa urahisi. Unguja imezungukwa na bahari. Bara, pori moja likisafishwa, mbung'o wa pori la jirani huingia. Kwa hiyo huko mitego na daftari zahitajiwa zaidi, wala si kwa mwaka mmoja.

Wataalamu wametuonyesha mlango wa adui. Lakini habari kwamba nyumba sasa ni tupu hutoka kwa mtu asiyejulikana jina, aliyekwenda kweli, akatazama kweli, akaandika alichoona. Kazi hiyo ni yetu, nayo si ndogo.