Siku Moja kwa Miguu Katika Mji wa George Town

(Hotuba iliyotolewa siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya safari ambayo mimi na mama watoto tuliifanya katika kisiwa cha Penang, nchini Malaysia. Sitawachosha kwa habari za ndege na mahoteli. Nitaeleza siku moja tu, tuliyoitumia kutembea kwa miguu mjini George Town tangu asubuhi hadi magharibi, kwa kuwa niliyoyaona huko yanatuhusu na sisi.

Kwanza historia kidogo. Mwaka 1786 Mwingereza Francis Light alitia nanga kisiwani kwa niaba ya Kampuni ya East India. Mwenye kisiwa, Sultani wa Kedah, alitarajia kwamba Waingereza watamlinda na adui zake. Ulinzi haukuja, na alipojaribu kukirudisha kisiwa chake mwaka 1791 alishindwa. Masikio ya Waafrika yamekwisha kuisikia hadithi ya namna hiyo mara nyingi.

Tulianzia nje ya ngome yao, Fort Cornwallis, saa mbili asubuhi. Joto la huko ni lile lile la Tanga mwezi wa Machi, na magoti ya mama watoto hayataki haraka, kwa hiyo tuliafikiana kwenda kwa mwendo wake. Mwendo huo ulitufaa sana, maana mtu aendaye polepole huona.

Tukaingia mtaa uitwao Jalan Masjid Kapitan Keling. Mwanzoni lipo kanisa la Mtakatifu George, lililomalizika mwaka 1818. Mbele kidogo ni hekalu la Wachina la mungu wao wa kike wa huruma, ambako moshi wa udi hautulii. Nyuma yake, mtaa wa pili, ni hekalu la Wahindu la mwaka 1833, mnara wake umejaa sanamu za rangi. Kisha ni msikiti ulioanzishwa na Waislamu wa Kihindi mwaka 1801. Yote hayo ni mwendo wa robo saa. Nilipomwambia mama watoto kwamba majirani hawa bila shaka wanapendana, alinijibu, "Mzee, kupendana ni jambo jingine. Hawa wamezoeana."

Naye alisema kweli. Mwaka 1867 palitokea mapigano mjini humo yaliyodumu siku kumi. Lakini hata vita hivyo havikuwa vya dini kwa dini, kwani kila upande ulikuwa na chama cha Wachina kilichoungana na chama cha Waislamu. Baada ya vita kila mtu alirudi dukani kwake, jirani yake yule yule pembeni.

Jambo lililonipendeza kuliko yote ni njia za mbele ya maduka. Nyumba za zamani huko zina duka chini na makazi juu, nazo zimeshikana ubavu kwa ubavu. Kila mwenye nyumba alitakiwa kuacha njia yenye paa mbele ya mlango wake, upana wa futi tano hivi, ili wapita njia wasipigwe na jua wala mvua. Huiita "kaki lima", yaani futi tano. Ni baraza kama zetu, ila hii ni ya kupita kila mtu. Siku hizi nyingine zimezibwa na pikipiki na meza za biashara, ikabidi tushuke barabarani mara kwa mara.

Mchana tulikula nasi kandar, wali wa mchuzi wa Waislamu wa Kihindi. "Kandar" ni mti wa begani ambao wachuuzi wa zamani waliutumia kubebea vyungu, kama mzega wetu. Mwuzaji alitusalimu, "Apa khabar?" Mama watoto akajibu, "Nzuri!" kabla sijamfasiria. Wao husema khabar, sisi habari; wao meja, sisi meza; na bendera ni bendera kwetu sote. Maneno hayo yalipitia bahari ile ile, pamoja na Waarabu na Wareno.

Alasiri tulikwenda ufukweni, kwenye majeti ya koo za Wachina. Ni vijiji vya nyumba za mbao juu ya nguzo baharini, karibu kila jeti na ukoo wake. Yalikuwa mengi zaidi. Mawili yalibomolewa mwaka 2006 ili kupisha majengo mapya. Katika jeti ya ukoo wa Chew, iliyo kubwa kuliko zote, tulimkuta bibi mmoja akipepeta mchele mlangoni, na watalii wakimpiga picha bila hata salamu.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kwa miaka mingi kodi za nyumba za kale zilizuiwa na sheria zisipande. Sheria hiyo ilipoondolewa mwanzoni mwa mwaka 2000, kodi zilipanda, na wapangaji wengi wakahama: mafundi, wachuuzi na wazee waliozaliwa humo. Mwaka 2008 mji ukaandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia, pamoja na Melaka. Kuta zikapata ulinzi, lakini watu walikuwa wamekwisha kuondoka. Tulipita nyumba zilizopakwa rangi vizuri ambazo sasa ni hoteli na maduka ya vinyago, na juu hapakuanikwa hata kanga moja, yaani sarong yao.

Ndugu zangu, Mji Mkongwe wa Zanzibar uliandikwa na UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Hata hivyo cheti hakifagii ua wala hakizibi paa linalovuja. Wengi wetu hapa tumerithi nyumba katika miji ya Pwani. Nyumba hizo zimefungwa kufuli kwa sababu warithi hatusemezani, au kila mmoja anangoja mwenzake atoe fedha za chokaa. Nawasihi tukutane, tupatane, tumweke ndani japo mpangaji mmoja mwenye watoto, awashe jiko.

Nanyi vijana, likizo ijayo tembeeni mtaa mmoja wa mji wenu kwa mwendo wa bibi yenu. Ulizeni kila nyumba ilijengwa na nani, nani alikaa humo, na alikwenda wapi. Yaandikeni majibu, myalete hapa shuleni, maana wanaoyajua wanazidi kupungua.