Mgeni Akiondoka, Chaki Anashika Nani?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo nauliza: mgeni huyo akiondolewa ghafla, mwenyeji anabaki na nini?

Tarehe 15 Machi 2020, Peace Corps, shirika la Wamarekani wanaojitolea, lilitangaza kuwarudisha kwao watu wake wote duniani kwa sababu ya korona. Walikuwa kama 7,000, wakiwamo waliokuwa hapa Tanzania. Tangu shirika lianze mwaka 1961, halijapata kufanya hivyo. Ilisemwa ni kwa muda tu. Lakini kundi la kwanza kurudi ng'ambo lilifika Zambia Machi 2022. Aliyekuwa kidato cha tatu walipoondoka, alikuwa amekwisha kumaliza kidato cha nne!

Wala si mara ya kwanza usalama kusimamisha kazi yao. Ilitokea Uganda mwaka 1999, na Kenya mwaka 2008 baada ya machafuko ya uchaguzi.

Sisemi kwamba walikimbia. Mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay akiona Ziwa Nyasa limechafuka, huvuta mtumbwi nchi kavu, na hakuna amwitaye mwoga. Isitoshe, amri ilitoka juu.

Lakini mgeni ana mlango wa kutokea. Mtoto wa Mbinga hana. Shule zetu zilifungwa tarehe 17 Machi 2020, na zote zikafunguliwa tena tarehe 29 Juni. Kengele ikalia. Palipokuwa na mwalimu wa kujitolea wa hesabu au fizikia, nani aliingia darasani?

Utaniambia, tulimwomba kwa kuwa hatukuwa na mwalimu. Ni kweli. Basi, asihesabiwe kama mwalimu wa kudumu. Katika taarifa ya upungufu inayokwenda wilayani, nafasi ile isomeke bado i wazi. Pengo lililofunikwa kwa mgeni halionekani mpaka siku anapopanda gari.

Tujifunze kwa Wamatengo na ngoro zao. Hulaza nyasi mlimani, huzifukia kwa udongo, huacha mashimo. Mvua ikinyesha, mashimo hushika maji na udongo hauporomoki. Mvua ikikatika, shamba halibaki mikono mitupu.

Anayejitolea naye tumpokee hivyo. Asiachiwe somo peke yake. Afundishe bega kwa bega na mwalimu wetu, hata kama ni kijana aliyemaliza chuo na anangoja ajira. Maandalio ya masomo yabaki shuleni. Ufunguo wa maabara uwe na mtu wa pili. Hayo hayangoji mfadhili. Yanataka kikao kimoja cha mkuu wa shule na bodi yake.

Mgeni aende salama, na akirudi tumkaribishe. Ila akute somo linaendelea.