MAFUTA YALIYO KATI YA NYAMA ZA MGUU

(Maongezi yaliyotolewa kwa wanakisomo wa Kingerikiti)

Ndugu wanakisomo wenzetu, jioni ya leo hatukuja na kitabu. Tumekuja na kisu na mguu wa nyuma wa nguruwe. Mwenzetu mmoja hali nguruwe, naye kaleta mguu wa mbuzi. Vizuri, tutalinganisha.

Sababu ya kuchagua somo hili mnaijua. Jirani yetu alivunjika mguu wakati wa kuvuna kahawa, aliteleza mtelemkoni na mzigo begani. Hospitali wakamfunga plasta. Siku alipofunguliwa tukaenda kumpa pole, tukaona shavu la mguu limenywea, ngozi imelegea. Basi minong'ono ikaanza. Huyu anasema mguu umeliwa na watu, yule anasema eti plasta imenyonya damu. Na nyumbani kwake, kwa huruma, wakamtandikia mkeka kivulini. Maji analetewa, chakula analetewa. Miezi ikapita, naye bado yuko kwenye fimbo. Sasa mtu wa milima hii, ambaye hata maji anayashukia bondeni, na shamba lake la ngoro liko ubavuni mwa mlima, akikosa mguu amekosa na jembe.

Hebu tuufungue mguu. Tunakata ngozi. Chini yake kuna mafuta meupe, haya kila mtu anayajua. Tukiyaondoa tunakuta utando mgumu, mweupe, unaong'aa, umeuzunguka mguu kama soksi. Watu wengi hufikiri kwamba ndani ya soksi hii ni nyama tupu. Sivyo. Utando unaingia ndani na kuugawa mguu vyumba vyumba. Kwa binadamu, kutoka goti hadi kifundo, vyumba ni vinne: kimoja mbele kando ya muundi, kimoja upande wa nje, na viwili nyuma, cha juu juu na cha ndani. Shavu la mguu ndicho chumba cha nyuma cha juu. Humo mna msuli mkubwa wenye vichwa viwili, na chini yake msuli mwingine mpana. Yote miwili inaishia kwenye kano moja nene, lile la kisigino.

Sasa pitisheni kidole kati ya msuli na msuli. Kinapita bila kisu, si ndiyo? Kinachoteleza hapo ni mafuta laini pamoja na nyuzi nyembamba. Hayo ndiyo mafuta tuliyoyafuata leo.

Si uchafu hayo. Yanaifanya misuli iteleze, mmoja usimkwaruze mwenzake. Tena ndimo zinamopita njia. Tazameni: huu ni mshipa unaoleta damu, huu unairudisha moyoni, na huu mweupe kama uzi ni mshipa wa fahamu. Yote imelala ndani ya mafuta kama mayai ndani ya pumba. Nyuma ya goti, pale penye shimo, mafuta ni mengi kwa sababu njia kubwa zote zinapita pale. Mbele ya kano la kisigino pia kuna mto wa mafuta. Ubonyezeni wenyewe, kila mtu kwake.

Basi linganisheni miguu hii miwili. Wa mbuzi una mafuta kidogo mno kati ya nyama. Wa nguruwe mna mafuta mazito, mengine yameingia mpaka ndani ya nyama kama michirizi. Mbuzi kashinda akipanda majabali, nguruwe kashinda bandani akiletewa pumba. Hatusemi hapa tumethibitisha jambo, maana ni wanyama wa aina mbili na chakula chao ni mbalimbali. Lakini mambo kama haya yamepimwa kwa watu. Marekani, mwaka 2007, wataalamu walitangaza habari za vijana wazima waliokubali kutoutumia mguu mmoja kwa muda wa wiki 4. Walipopigwa picha za ndani ya mguu, ilionekana kwamba mafuta ya kati ya misuli ya shavu la mguu yameongezeka kwa kiasi cha sehemu moja katika tano, na nguvu zimepungua. Vijana hao! Wiki nne tu!

Kwa hiyo mguu wa jirani yetu haukuliwa na mtu. Ulikaa bure. Nyama haigeuki kuwa mafuta, hivyo ni vitu viwili. Ila nyama ikipungua kwa kukosa kazi, mafuta yanaongezeka katika nafasi hizo. Wazee nao wanapatwa na hali hii, na wenye ugonjwa wa kisukari. Kupaka mafuta ya mgando na kusugua hakuyaondoi, maana yako chini ya ule utando mgumu. Kinachofaa ni kazi. Mgonjwa akiwa bado na plasta, achezeshe vidole. Akishafunguliwa, amwulize daktari kama mfupa umeshika na kama aruhusiwa kuukanyagia. Akiruhusiwa, ashike mlango, ainue visigino, ashuke polepole, arudie. Halafu atembee mpaka kwa jirani, kesho mbali kidogo.

Mama mmoja akatuuliza: na mguu uliovimba baada ya kulala sana, tuukande? Hapa tukasimama kidogo. Ule mshipa unaorudisha damu hausukumwi na moyo peke yake. Shavu la mguu likikazana tunapotembea, linaukamua, damu inapanda. Mtu akilala siku nyingi, baada ya kuvunjika, kupasuliwa au kujifungua, damu inaweza kuganda humo. Dalili yake mara nyingi ni mguu mmoja kuvimba, shavu linauma, lina joto. Huo msiukande, wala kwa maji ya moto wala kwa mkono. Kipande kikikatika kitasafiri mpaka mapafuni, na mtu anaweza kufa ghafla. Apelekwe hospitali siku ile ile. Na kama ameanza kuhema kwa shida au kifua kinamchoma, ni mbio, hata kama ni usiku.

Wengine waliuliza juu ya miguu yote miwili kuvimba. Hilo lina sababu nyingine nyingi, za moyo, figo na mimba, tutaliombea nafasi siku ya pili.

Jirani yetu mwenyewe alikuwapo, amekaa kwenye gogo karibu na mlango. Mke wake alikuwa wa kwanza kucheka, akasema ule mkeka kesho ataukunja. Maji ya kunawa safari hii hakumletea, akamwonyesha mtungi ulipo.