Huduma Zisizoweza Kungoja

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka, Kahawa Sukari)



Nimeombwa niseme juu ya namna serikali ya kaunti na miji yake ipasavyo kujiweka tayari, ili maji, matibabu na zimamoto visikatike wakati wa dharura. Nashukuru kwa heshima hiyo. Neno langu ni moja: huduma haiokolewi siku ya msiba, huokolewa miezi mingi kabla yake.

Wengi wetu twakumbuka tarehe 6 Aprili 2020, ilipotangazwa kwamba watu wasitoke wala wasiingie Nairobi na viunga vyake kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mpaka wa upande wetu uliwekwa penye daraja la mto Chania, Thika. Sisi, ingawa ni watu wa Kiambu, tulifungiwa ndani pamoja na Nairobi, na jamaa zetu wa Murang'a wakabaki ng'ambo. Walakini malori ya chakula yalipita, kwa kuwa amri yenyewe iliyatoa katika katazo. Hilo ndilo jambo la kwanza katika mpango wowote: kutaja mapema kazi zisizoweza kungoja, na watu watakaozifanya.

Jambo la pili ni akiba. Usiku wa 25 Agosti 2023 umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya nchi. Hata katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, jenereta ya sehemu moja haikuwaka, na abiria wakakaa gizani. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba isiyojaribiwa huoza. Jenereta isiyowashwa mara kwa mara ni chuma tu, na mama anayejifungua hawezi kuambiwa amngoje fundi.

Jambo la tatu ni fedha. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti kazi za afya, maji, zimamoto na kukabili maafa. Sheria ya fedha za umma ya 2012 yaruhusu kila kaunti iwe na Mfuko wa Dharura, lakini malipo yake kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Tena mfuko huo ni wa mambo ya ghafula yasiyotazamiwa. Sasa nauliza, wazee wangu: je, masika hayatazamiwi? Huja kila mwaka kati ya Machi na Mei. Yale ya 2024 yaliua watu zaidi ya 200 nchini. Basi kuzibua mitaro na kutengeneza madaraja ni kazi ya bajeti ya kawaida, ambayo hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, nao mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Atakayekwenda kulalamika mafuriko yakiisha kuingia nyumbani amechelewa.

Kwa hiyo naomba Chama kitume wajumbe katika mabaraza ya bajeti, wakaulize maswali matatu. Jenereta ya hospitali yetu ilijaribiwa lini? Afisa wa maji asipokuwapo, ni nani mwenye funguo? Gari la zimamoto likiwa kazini kwingine, ni lipi litakalokuja kwetu?

Nasi tusikae bure. Kaunti haiujui mlango wa kikongwe aishiye peke yake; sisi twaujua. Kila mtaa uandike majina ya wazee na wagonjwa wa namna hiyo, na kila mmoja apewe majirani wawili wa kumwangalia, ili huyu akisafiri, yule awepo.

Taarifa ya mwaka ujao na iseme tuliuliza nini, na tulijibiwa nini.