Nimeelewa, Daktari: Maswali ya Mgonjwa Kabla na Baada ya Kisu

Makamu Mkuu wa Chuo, wanataaluma wenzangu, wanafunzi, wauguzi mliotoka zamu ya usiku na hamjalala, na nyinyi majirani mliokuja kwa sababu mmesikia kutakuwa na chai baadaye: shikamooni mlio wakubwa, na wengine hamjambo.

Mtu akipewa kigoda cha uprofesa hutarajiwa aeleze alichogundua. Mimi sijagundua kitu. Nimepasua watu kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, mingi yake katika hospitali za wilaya, na nilichoambulia humo ni maswali. Nimekuja kusema jambo moja kuyahusu: mgonjwa huyapanga maswali yake kwa adabu, hayapangi kwa uzito. Jepesi humpa daktari. Zito hulibakiza mpaka daktari aondoke, kisha akamuuliza mfagiaji.

Nilikuwa nimemaliza mafunzo kwa vitendo mwaka mmoja tu, katika hospitali moja ya pwani, alipokuja mzee mwenye busha. Alivaa kanzu, kama wengi wenye shida yake. Shikamoo, marahaba. Nikamweleza kwamba busha ni maji yaliyojaa kwenye mfuko unaoizunguka korodani. Kwamba kwetu pwani mengi huletwa na minyoo ile ile ya matende, inayoenezwa na mbu, wala madafu aliyokunywa ujanani hayana kosa. Kwamba tutamchoma sindano ya ganzi mgongoni, tutoe maji, tuukate mfuko ili yasijae tena, na korodani yenyewe tutaiacha mahali pake. Nikamchorea na picha. "Umeelewa, mzee?" "Nimeelewa, mwanangu." Akasaini. Asubuhi nikakuta kitanda kitupu na shuka limekunjwa vizuri.

Mfagiaji wa wodi ndiye aliyenifumbulia. Usiku ule mzee alikuwa amemuuliza, humo ndani kuna wanawake? Naye akamjibu ukweli: wamo, na wiki hii wamekuja wasichana wa chuo cha uuguzi, kama sita hivi, wanajifunza. Mzee akamshukuru, akangoja adhana ya alfajiri, akaenda zake. Dakika ishirini nilizungumza habari za mfuko, wala haikunipitia kwamba mtu wa umri ule atalala chali, miguu imekufa ganzi, mbele ya wajukuu zake. Hakurudi. Siku hizi kabla ya kuchora picha yoyote nasema nani atakuwemo, nani anaweza kuondolewa, na shuka litafunuliwa saa ngapi.

Tuyaangalie basi maswali yenyewe, kwa namna yanavyonijia.

"Nisile tangu saa ngapi?" Desturi ya wodi nyingi ni kusema tangu saa sita usiku, halafu mtu anaingizwa chumba cha upasuaji saa nane mchana, midomo imekauka. Kanuni haitaki hivyo. Chakula kikome saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Chai ya rangi tunaihesabu kuwa maji. Chai ya maziwa ni chakula, hata kama hukutia kitafunwa. Sababu ni kwamba dawa ya usingizi hulegeza koo, na kilichomo tumboni kikipanda kinaweza kuingia mapafuni. Curtis Mendelson alilieleza janga hilo mwaka 1946, akiandika juu ya akina mama waliolazwa usingizi wakati wa kujifungua, huko New York. Lakini yule mama niliyemkuta na nusu ya andazi kwenye khanga yake, nusu nyingine ikiwa tumboni mwa mwanawe wa miaka mitatu, hakuwa mkaidi. Alikuwa na swali ambalo hakuna aliyempa nafasi aliulize: mtoto akilia njaa tangu alfajiri, nimfanyeje? Jibu lilikuwepo tangu mwanzo, ni maji, na mtoto awe wa kwanza kwenye orodha ya siku. Tuliahirisha. Aliyestahili kugombezwa siku ile ni mimi.

Halafu nusu kaputi. Jina lenyewe limetuponza. Mgonjwa akilisikia hujiuliza nusu ya pili iko wapi. "Nitaamka?" hawaulizi. Huuliza, "Inachukua muda gani?" na wanafunzi wangu hujibu kwa dakika. Mwambie badala yake kwamba mtaalamu wa usingizi hachomi sindano akaondoka. Anakaa kichwani pake tangu mwanzo hadi mwisho, akisikiliza mlio wa kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni. Nimeona mabega yakishuka kwa sentensi hiyo moja. Kabla ya Oktoba 16, 1846, siku William Morton alipomvutisha mgonjwa etha pale Boston mbele ya madaktari wasioamini, dawa kubwa ya maumivu ya kisu ilikuwa wanaume wenye nguvu wa kumshika mtu.

Kuhusu sindano ya mgongo nitakawia kidogo, maana hakuna kitu kinachosingiziwa kama hiyo. Mwanamke akiumwa kiuno miaka kumi baada ya kujifungua kwa upasuaji, ni sindano. Wapo wanaokataa hata tukiwaonyesha kwamba ndiyo salama zaidi kwao na kwa mtoto. Uti wa mgongo unaishia juu ya kiuno. Sisi tunachoma chini ya hapo, ndani ya mfuko wa maji ambamo mizizi ya neva inaelea kama tambi kwenye sufuria. Sindano nyembamba inaisogeza tu. Pale ilipoingilia huuma siku chache. Tafiti zilizowafuatilia akina mama hazikuikuta na hatia ya maumivu ya kudumu. Mimba yenyewe, kunyonyesha ukiwa umejikunja, na maji ya kuchota ndivyo vinavyostahili kuhojiwa.

Sindano inachoweza kuleta kweli ni kichwa. Maji yakivuja kwenye kile kitundu, kichwa huuma ukikaa, kikatulia ukilala, na mtu akisikia hivyo aje tumtibu. August Bier, Mjerumani aliyeileta ganzi hii mwaka 1898, alikijua kichwa hicho kwa kukiugua. Alitaka kuijaribu kwenye mwili wake, msaidizi wake Hildebrandt akamchoma, bomba halikukaa vizuri kwenye sindano na maji yakamwagika. Wakabadilishana. Ganzi ikamshika Hildebrandt barabara, naye Bier akampiga nyundo kwenye muundi, na mambo mengine ambayo siwezi kuyataja mbele ya Makamu Mkuu. Jioni wakasherehekea kwa mvinyo na sigara. Kesho yake wote wawili wakawa wagonjwa. Huwa nawasimulia akina mama kisa hiki, wanacheka, na mtu aliyecheka huweza kuuliza.

Kuna swali ambalo sikulitarajia mpaka tulipoanza kutumia orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani. Mgonjwa amelala kitandani, tunamuuliza: jina lako nani? Tunakuja kufanya nini? Upande upi? Bibi mmoja wa ngiri alinishika mkono: "Mwanangu, mbona mnaniuliza mimi? Kwani hamjui?" Lina haki swali lile. Jana alimweleza nesi, asubuhi akamweleza daktari, na sasa watu waliofunika nyuso wanaanza upya. Nikamwambia: tunajua, bibi, lakini tumekatazwa kujiamini. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, London na Toronto zikiwemo, na Ifakara yetu ya bonde la Kilombero ikiwemo pia. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka 11 hadi 7. Hakikununuliwa kisu kipya. Watu walisimama wakaulizana. Nasikitika kwamba wengi wetu tunaisoma orodha ile haraka haraka kama dua ya safari, gari likiwa limeshaondoka.

Orodha ile ni ngeni, lakini wanafunzi wangu hupenda kudhani kwamba hata kupasuliwa kulikuja na meli. Mwaka 1879 msafiri Mwingereza, Robert Felkin, alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, mtaalamu wa kienyeji akimpasua tumbo mama aliyeshindwa kujifungua. Pombe ya ndizi ilimlegeza mama, na hiyo hiyo ikaoshea mikono na tumbo. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, kidonda kikafungwa kwa pini za chuma na kufunikwa dawa ya mizizi iliyotafunwa. Siku ya 11 kilikuwa kimefunga. Felkin aliyachapisha hayo Edinburgh mwaka 1884, na tunazijua pini zilitolewa lini. Jina la mama halimo.

Baada ya upasuaji swali la kwanza tunaliuliza sisi, nalo huwaaibisha watu wazima: umeshajamba? Wauguzi wenye staha husema kutoa upepo. Mkwe amekaa pembeni, mgonjwa anaangalia dari. Matumbo yakishikwashikwa husinzia, na upepo ni habari kwamba yameamka. Zamani tuliwanyima watu uji mpaka habari hiyo ifike. Siku hizi mama aliyejifungua kwa upasuaji bila matatizo huanza uji baada ya saa chache. Ila tumbo likizidi kujaa, unatapika na upepo hakuna, tupa haya utuite.

"Nitaanza kazi lini?" Vitabu vinasema wiki sita bila kunyanyua vitu vizito, nami nilivikariri hivyo kwa miaka, mpaka mama mmoja aliponiuliza, "Ndoo nayo ni kitu kizito?" Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji kabla hujaihesabu yenyewe. Kwake kizito ni gunia. Tangu siku hiyo nasema: usibebe kinachozidi mtoto uliyemzaa. Mshono wa juu unadanganya. Ngozi hushikana mapema, nyuzi za tumboni tunazitoa kati ya siku ya 7 na ya 10, na mtu hujiona amepona. Lakini ule utando mgumu wa chini, unaozuia matumbo yasitoke, hujijenga kwa miezi, na hauwi tena kama uliozaliwa nao. (Nyuzi za ndani hatuji kuzitoa, kama wengi wanavyohofu. Zinayeyuka zenyewe.) Nikishasema hayo, swali lenyewe bado limekaa pale: nani atachota maji? Chuo hakikunifundisha. Nimezoea kumwita mume aliyesimama koridoni nikamweleza yeye habari ya ndoo, mbele ya mama yake mzazi.

Na huyo mama mzazi haulizi. Anakuja na maji ya moto. Anataka kumkanda aliyejifungua ili damu iliyoganda itoke, kama alivyokandwa yeye. Nilipokuwa kijana nilifukuza ndoo za maji ya moto wodini, zikaenda kutumika nyumbani gizani. Sasa tunaafikiana. Mgongo na miguu mkande, mama. Tumbo liache, kwa sababu ngozi ya karibu na mshono imekufa ganzi, itaungua bila mwenyewe kujua, na damu hutolewa na kizazi kinapojikunja, jambo ambalo mtoto analisaidia kila akinyonya. Mtori nauunga mkono kwa mikono miwili. Dagaa na mayai pia, ambavyo ndugu humnyima mgonjwa wakidai kidonda kitawasha. Kidonda kinajengwa na hivyo hivyo. Halafu namwambia yeye, maana ndiye atakayekuwa macho usiku: homa, usaha, harufu, mshono kuachia, mguu mmoja kuvimba, pumzi kubana, msingoje tarehe ya kliniki.

Nimebakiza swali moja. Mzee mwingine, wa kisukari, mguu ulioza mpaka tukakubaliana kuukata chini ya goti. Nilieleza vizuri, hata wanawake nilishamtajia. "Nimeelewa." Nilipokuwa nimeshika kitasa akasema, "Samahani, daktari. Mguu wangu mtaupeleka wapi?" Nilikuwa karibu kumwambia hospitali ina utaratibu. Utaratibu ni tanuri la taka nyuma ya jengo la kufulia. Nikarudi. Mwanawe akaja siku ya upasuaji na kitambaa cheupe, akaupokea dirishani, wakauzika kando ya makaburi ya ukoo.

Wiki sita baadaye alikuja kliniki kwa magongo. Nikakagua kidonda, kimefunga safi. Kinauma? Hakiumi, ila vidole vinawasha. Vidole vipi, mzee? Akatazama pale pasipo na kitu. Vile vya kule. Nikamweleza kwamba ubongo bado unaukumbuka mguu, kwamba neva zilizokatwa zinaendelea kupeleka habari, kwamba Silas Weir Mitchell, daktari wa Kimarekani, aliwaona askari wengi wa namna hiyo na mwaka 1871 akaipa hali hiyo jina, na kwamba dawa zipo. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Nimeelewa, daktari," akasema, akaweka magongo sawa, akafika mlangoni, akageuka. "Samahani. Hivi yawezekana waliulaza vibaya?"

Nikamvutia kiti, nami nikakaa.